Soketi za Jikoni Zimekufa Baada ya Kuweka Kifaa Kipya: Tafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Shangazi yangu wa Makorora, hapa Tanga, alinipigia simu siku ya nne ya mfungo, saa kumi na moja jioni. "Mwanangu, umeme umekata jikoni tu. Sebuleni upo, feni inazunguka. Na samaki wangu wote wamo kwenye friji." Asubuhi ile wajukuu zake walikuwa wamemletea oveni ya umeme, ile ndogo ya kukaa mezani, apate kuoka mikate ya mayai bila kuhangaika na makaa ya juu na ya chini.

Nilipofika nilikuta soketi zote nne za jikoni ziko kimya, oveni inalaumiwa na kila mtu, na kijana wa jirani ameshapanda juu ya stuli na bisibisi mkononi. Anasema breka ni ndogo, aweke kubwa. Nilimwomba ashuke kwanza.

Nafanya kazi ya umeme wa majumbani, na kesi ya namna hii nakutana nayo kila mara. Kifaa kipya husingiziwa sana. Kinavuta umeme mwingi kuliko soketi ile ilivyowahi kuvutwa tangu nyumba ijengwe, na pale palipolegea tangu siku ya kwanza ndipo panapoumbuka. Kwa hiyo ukikimbilia kurudisha oveni dukani, au kuongeza breka, utakuwa umeliacha kosa palepale ukutani.

Nitaeleza ninavyolitafuta, kuanzia mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya bila kufungua kitu, hadi yale ya kumwachia fundi.

Kabla ya kushika chochote

Nusa. Kama kuna harufu ya plastiki iliyoungua, soketi imeiva rangi ya kahawia, au unasikia mlio kama wa mafuta yanayokaanga ndani ya ukuta, zima mein swichi ya nyumba nzima na uiache hivyo mpaka fundi afike. Usijaribu kurudisha "kidogo tu nione". Kama ukuta umelowa au sakafu ina maji, ni hivyohivyo.

Kama hakuna dalili hizo, vaa ndala au viatu vikavu, kausha mikono, na waambie watu wa nyumbani kwamba unashughulika na umeme. Hili la mwisho watu hulidharau. Nimewahi kuwa na waya mkononi, mtoto akaja kuwasha swichi kubwa kwa sababu katuni yake imekatika.

Habari ya friji: usilifungue. Likiwa limefungwa, chakula hukaa salama kwa kama saa 4, na friza iliyojaa hushikilia ubaridi kwa kama saa 48, nusu yake ikiwa haijajaa. Kama sebuleni umeme upo, vuta ekstensheni nzima ulishe friji peke yake. Friji la kawaida linatumia wati 150 hivi, halitaielemea. Usiongeze kingine hapo.

Pima ukubwa wa tatizo

Soketi moja imekufa, au zote za jikoni, au nyumba nzima? Jibu la swali hili linakuokolea nusu ya kazi.

Nyumba nzima ikiwa gizani, chungulia kwa jirani, kisha angalia mita ya LUKU kama uniti zimo. Mita nyingine hujikata zenyewe mzigo unapozidi, na zikipumzika hurudi. Kumbuka mpaka: mita na kila kilicho kabla yake ni mali ya TANESCO, na lakiri yake haiguswi. Kuanzia pale waya unapotoka kwenye mita kuingia ndani, ni mzigo wako.

Ikiwa ni soketi moja tu, usianze kubomoa ukuta. Chomeka hapo kitu kingine unachojua ni kizima, chaja ya simu inatosha. Kikiwaka, soketi haina tatizo. Kosa liko kwenye kile kifaa kipya chenyewe au plagi yake, na mara nyingi ni fyuzi. Plagi zetu za meno matatu bapa zina fyuzi ndani yake: ya ampea 3, 5 au 13. Oveni, jagi la umeme na pasi zinahitaji ya 13. Nimeshakuta jagi jipya likiwa na fyuzi ya 5, likachemsha maji mara moja likanyamaza. Badilisha kwa fyuzi ya saizi inayotakiwa. Kufungia karatasi ya sigara ni ujanja wa zamani uliounguza nyumba za watu.

Zikiwa zote za jikoni, au kadhaa kwa pamoja, endelea.

Chomoa kila kitu, halafu nenda kwenye boksi la breka

Chomoa vyote, hata lile friji na redio iliyosahaulika juu ya kabati. Kuzima swichi ya soketi peke yake hakutoshi, kwa sababu swichi nyingi zinakata laivu tu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) inabaki imeunganishwa.

Sasa fungua boksi la breka. Breka iliyokata si lazima iwe imeshuka hadi chini. Nyingine husimama katikati, na kwa mbali zinaonekana kama ziko juu. Watu wengi husukuma juu, inateleza, wanasema imekufa. Ishushe kwanza kwa nguvu mpaka isikike "tak", kisha ipandishe.

Kama boksi lako lina ile swichi pana yenye kitufe kilichoandikwa T, hiyo kazi yake ni kukata umeme unapovuja kwenda ardhini. Nayo hurudishwa hivyohivyo, kushusha kisha kupandisha. Ukishairudisha, bonyeza T: inapaswa kukata papo hapo. Isipokata, imeharibika, na nyumba yako haina kinga uliyodhani unayo.

Ukiwa hapo, mulika ndani kwa tochi ya simu bila kuingiza kidole. Kwetu pwani mijusi hupenda joto la boksi la breka. Anayebanwa kati ya vipande viwili vya shaba hufa yeye na kuondoka na umeme wa chumba kizima.

Isikilize breka, inasema

Breka ndogo ina vitu viwili ndani. Kuna kipande cha metali mbili zilizogandamana ambacho hupinda taratibu kikipata joto, na kuna koili ya sumaku ambayo huvuta kwa kishindo umeme mwingi mno ukipita ghafla. Ndiyo maana muda wa kukata unaeleza aina ya kosa.

Ikikata mara tu unapoipandisha, na jikoni hakuna kilichochomekwa, kosa liko ndani ya ukuta. Nyaya zimegusana mahali. Jiulize: waliofunga kifaa kipya walitoboa ukuta? Kabati, feni ya kuvutia moshi, stendi ya maikrowevu? Waya wa soketi kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi, au huenda mlalo hadi soketi jirani, na skrubu moja iliyopigwa kwenye njia hiyo inatosha. Hapa simama, mwite fundi.

Ikishika vizuri hadi unapochomeka kifaa kimoja, ikakata papo hapo, kifaa hicho kina shoti ndani. Kijaribu kwenye soketi ya chumba kingine mara moja tu. Kikikata na huko, rudisha dukani na risiti yako.

Kama inayokata ni ile ya kitufe cha T, umeme unavuja. Zilizo nyingi za majumbani hukata kwa uvujaji wa miliampea 30, kiasi kidogo sana. Vifaa vya kupasha joto vina tabia hii vikiwa vipya: koili yake imefunikwa na unga unaovuta unyevu, na kifaa kilichokaa stoo miezi kadhaa kwenye hewa ya bahari huvuja mara ya kwanza. Kiweke juani siku nzima, mlango wazi, ujaribu tena. Kikiendelea kukata, ni kibovu. Mtu akikwambia "iondoe tu hiyo swichi, inasumbua", mshukuru, usimsikilize.

Na ikikata baada ya dakika kumi, ishirini au nusu saa, wakati mapishi yamepamba moto, mzigo umezidi. Breka hizi hupimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 30, na boksi lililo juu ya jiko, Tanga, mwezi wa pili, linapita hapo kirahisi. Hivyo hukata mapema zaidi.

Hesabu ya mzigo

Huhitaji kuwa fundi. Chukua wati zilizoandikwa mgongoni mwa kifaa, gawanya kwa volti 230, unapata ampea. Kwa shangazi hesabu ilikuwa hivi: oveni wati 2,000, jagi la umeme 2,200, maikrowevu 1,300, sufuria ya umeme ya wali 700, friji 150. Jumla 6,350. Gawanya kwa 230, unapata ampea 27 na ushee. Breka ya soketi za jikoni ilikuwa ya ampea 20, yaani wati 4,600 mwisho wake. Tena futari inakaribia, kila kitu kimewashwa kwa pamoja, jagi linachemsha maji ya chupa ya tatu ya chai. Breka ilifanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Maikrowevu ina mtego wake. Iliyoandikwa 800 kwa mbele, hizo ni nguvu zinazofika kwenye chakula. Inazovuta ukutani ni zaidi, nyingi hufika 1,200 au 1,300. Soma kibao cha nyuma.

Sasa lile pendekezo la kijana wa jirani. Breka inalinda waya. Waya wa unene wa milimita za mraba 2.5 ulioko ukutani ulichaguliwa pamoja na breka ya 20. Ukiweka ya 40, breka itatulia kweli, na umeme utapita bila kukatwa, ila waya utapata joto ndani ya plasta ambako hakuna anayeuona, mpira wake utakauka na kupasuka. Katika nyumba zenye wayaringi ya duara, ambapo waya unaanzia kwenye breka, unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, utakuta ya 32, na ni sahihi kwa sababu umeme unafika kwa njia mbili. Fundi lazima ajue nyumba yako ni ya aina gani kabla ya kugusa breka. Asiyeuliza hafai kuigusa.

Breka imerudi, soketi bado zimekufa

Hapa ndipo kesi ya shangazi ilipokolea. Niliporudisha breka ilishika. Soketi ya kwanza, iliyo karibu na mlango, ikawaka. Tatu zilizobaki, kimya. Yule kijana akachomeka tesa yake, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, taa ikawaka. "Umeme upo, kaka, ni friji ndilo limekufa." Nikamwambia aijaribu na tundu la pili. Ikawaka pia. Kijana akanitazama.

Tesa kuwaka kwenye matundu yote mawili ni dalili ya nyutro iliyokatika. Wakati nasogeza meza, mmoja wa wajukuu alikuwa amelichomeka tena friji. Laivu inafika, inapita ndani ya friji, inatokea upande wa nyutro, lakini haina njia ya kurudi, hivyo inasimama hapo ikisubiri mtu wa kuigusa. Nilipolichomoa friji, tundu la nyutro likazimika. Basi nikajua: waya wa nyutro umeachia mahali kati ya soketi inayofanya kazi na ya kwanza isiyofanya kazi.

Kwa nyumba nyingi zetu soketi hufuatana kama shanga. Waya unaingia kwenye ya kwanza, unatoka kwenda ya pili, na kuendelea. Kwa hiyo usianze kufungua ile iliyokufa karibu na oveni kwa sababu tu ndiyo unayoishuku. Anza na ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa. Kosa karibu kila mara limo katika mojawapo ya hizo mbili.

(Wenye wayaringi ya duara hawapati bahati hii. Waya ukiachia upande mmoja soketi zote zinaendelea kuwaka, na upande uliobaki unabeba mzigo wote kimyakimya. Hapo inataka kipimo cha fundi.)

Kufungua soketi

Kama hujawahi kushika bisibisi, ruka sehemu hii. Kama wewe ni mpangaji, mwambie mwenye nyumba kwanza.

Zima mein swichi, siyo breka ya jikoni peke yake, kwa sababu nimeona nyumba ambazo soketi moja imechomolewa umeme kutoka mstari wa taa. Bandika tepu juu ya swichi. Ijaribu tesa kwenye soketi unayojua ilikuwa na umeme: sasa isiwake. Kabla ya kuzima uwe umeshaiona ikiwaka palepale, maana tesa iliyokufa nayo haiwaki, na haikwambii kama imekufa.

Fungua skrubu mbili, vuta soketi taratibu. Nyuma yake utaona vishikio vitatu: L ya laivu, N ya nyutro, na alama ya ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba mpya zina laivu kahawia, nyutro bluu, ethi kijani chenye mstari wa njano. Nyumba za zamani, kwa mfano nyingi za Ngamiani, zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Usidhani nyeusi daima ni salama. Rangi aliichagua binadamu aliyefunga, huenda siku hiyo nyekundu ilimwishia.

Piga picha kabla ya kugusa. Kisha tikisa kila waya kidogo. Wa shangazi, ule wa nyutro unaotoka kwenda soketi ya pili, ulinibakia mkononi. Ncha yake ilikuwa nyeusi kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa, mpira wake umerudi nyuma karibu sentimita mbili, na plastiki ya soketi imeyeyuka ikafanya kibonde. Aliyefunga miaka ile hakuikaza skrubu sawasawa. Kwa friji na blenda ilistahimili. Oveni na jagi vilipopita hapo pamoja, sehemu iliyolegea ikapata moto mpaka ikaachia.

Dalili nyingine ya huku kwetu ni kutu ya kijani kwenye shaba, hasa nyumba za Raskazone na Sahare zinazopigwa na upepo wa bahari. Shaba yenye kutu haipitishi umeme vizuri hata skrubu ikikazwa.

Tiba: kata sehemu yote nyeusi au ya kijani mpaka ufikie shaba inayong'aa, menya upya kiasi cha sentimita moja, rudisha waya palepale ulipokuwa, kaza skrubu, kisha uuvute uone kama hautoki. Soketi iliyoyeyuka haitengenezwi, inatupwa. Waya ukiwa mfupi kiasi cha kutofika, usiunge kwa kusokota na tepu nyuma ya soketi inayobeba oveni. Mwite fundi auvute upya.

Plagi ya meno mawili

Vifaa vingi vinavyoletwa na jamaa kutoka nje vina plagi ya meno mawili ya mviringo. Watu huchokoa tundu la ethi kwa kalamu ili milango ya ndani ifunguke, kisha husukuma. Meno yale hayajai kwenye soketi yetu, yanagusa kwa ukingo, na kwa wati 2,000 ukingo huo unakuwa jiko. Tena kifaa chenye bodi ya chuma kinakosa ethi, ndiyo maana ukigusa mlango wa oveni kwa mkono wenye maji unahisi inakutekenya. Kata plagi hiyo, funga ya meno matatu yenye fyuzi ya 13, ethi ikiwemo. Kama waya wa kifaa una nyaya mbili tu na bodi ni ya chuma, muulize fundi kabla ya kukitumia.

Kifaa kikae wapi

Soketi ya kawaida mwisho wake ni ampea 13, karibu wati 3,000, na hapo sipendi kufika kwa kifaa kinachowaka saa nzima. Oveni ya meza ya wati 2,000 inaweza kukaa kwenye soketi, ila isichangie mstari na jagi. Jiko la sahani nne lenye oveni chini halichomekwi kwenye soketi kabisa. Linataka waya wake wa 6, breka yake ya 32, na swichi yake ya jiko ukutani. Ekstensheni hazina nafasi kwenye vifaa hivi, hasa ikiwa imekunjwa kama kamba ya kisima.

Kwa shangazi nilibadilisha soketi ya kwanza, nikakaza nne zote, kisha kesho yake nikavuta mstari mpya wa 2.5 kutoka kwenye boksi, wenye breka yake ya 20, kwa ajili ya oveni peke yake.

Unapomwita fundi, muulize leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, bila kuona haya. Baada ya kazi mwombe apime kama mpira wa nyaya bado unazuia umeme kuvuja, kwa mita ya volti 500. Usomaji usipungue megaomu 1 kati ya laivu na ethi. Anayekwambia "tesa inatosha" hana mita hiyo.

Jaribio la mwisho

Washa kifaa kwa saa nzima, kikiwa na kitu ndani. Kila robo saa weka kiganja juu ya plagi na uso wa soketi. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, zima, kuna mahali bado pamelegea.

Shangazi alitaka jaribio lifanywe na mkate wa mayai, si na sinia tupu. Nilikaa jikoni nikigusa plagi, yeye akichungulia kioo cha oveni. Kabla sijaondoka alichukua kalamu ya kuandikia mifuko ya unga, akapanda mwenyewe kwenye stuli, akaandika juu ya breka mpya: MKATE.